Plagi Inapopata Moto



Leo tutasoma habari za plagi. Pengine utasema: plagi ni kitu kidogo, ina nini cha kusomewa darasani? Ni kweli, ni kitu kidogo. Hukaa katika kiganja cha mkono. Lakini moto wa umeme mara nyingi hauanzii katikati ya waya. Huanzia pale waya unapoungana na kitu kingine: kwenye plagi, kwenye soketi, kwenye swichi, au pale watu wawili waliposokota waya mbili na kuzifunga kwa tepu. Mahali hapo tutapaita kiungio. Somo letu lote ni juu ya viungio.

Kibanda cha magurudumu

Dakawa iko katika Wilaya ya Mvomero, Mkoa wa Morogoro. Barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Dodoma hupita hapo, na Mto Wami uko karibu. Mabasi na malori hupita usiku na mchana. Penye wasafiri hapakosi mama muuza chakula.

Habari hii ni ya mfano, kwa hiyo hatutataja jina la mtu. Tutakuwa na Mama wa Kibanda, Mzee wa Duka na Fundi. Wote watatu utawakuta katika kijiji chako pia.

Mama wa Kibanda alikuwa na kibanda cha mbao na bati kilichowekwa juu ya magurudumu manne. Asubuhi alikisukuma hadi karibu na barabara. Usiku alikirudisha uani. Kibanda kinachohamahama hakina mita yake ya umeme. Basi alipatana na Mzee wa Duka. Kila asubuhi alichomeka waya mrefu, yaani ekstensheni, kwenye soketi ya duka. Kila wiki alimpa mzee fedha za kununulia umeme wa LUKU.

Kwa muda wa mwaka mzima hakuna kilichoharibika. Kibandani mlikuwa na taa moja, redio, friji ndogo ya soda na simu mbili tatu za wateja zikichajiwa. Vitu hivyo vyote kwa pamoja havikuzidi wati 300.

Yakaja mavuno ya mpunga. Wanunuzi walikuja kwa malori, na kila mmoja alitaka chai mapema. Mama akanunua birika la umeme. Maji yalichemka kabla mteja hajamaliza kusalimia. Mama alifurahi sana.

Baada ya siku chache kulianza kuwa na harufu ya samaki. Mama hakuishangaa. Yeye hukaanga perege na kambale kila siku. Kibanda chake kitanuka nini kama si samaki? Hata mzee alinusa harufu ile dukani akasema, "Leo mama ameamka mapema kukaanga."

Lakini siku moja hakupata samaki. Alipika maharage tu. Harufu ilikuwapo palepale. Aliinama chini ya meza, akaenda akiufuata waya mpaka dukani. Plagi ilikuwa imebadilika rangi. Upande mmoja ulikuwa wa kahawia kama sukari iliyoungua, na plastiki ilikuwa imelainika.

Hapa tusimame kidogo. Plastiki ngumu za baadhi ya plagi na soketi zikipata joto kali hutoa harufu inayofanana na ya samaki, au ya mkojo. Watu wengi hutafuta panya aliyekufa. Ukinusa harufu hiyo mahali pasipo na samaki, tafuta plagi kwanza.

Kwa nini breka haikuruka?

Mama alizima birika, akazima swichi ya soketi, akamwita fundi. Fundi alikuwa kijana, umri wa mwanawe wa tatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Njoo uone. Nimeponea chupuchupu. Lakini nieleze jambo moja. Mzee ana breka nzuri, mpya. Kama palikuwa na hatari, kwa nini haikuruka?"

Fundi akauliza, "Mama, wewe unalima mpunga?"

"Ninalima. Nina majaruba mawili."

"Maji yanaingia mferejini kwa lango. Pale langoni yuko mtu anayepima maji yanayoingia. Yakizidi, anafunga. Sasa, mbele huko mfereji umeziba nusu kwa matope. Maji yanafanya nini?"

"Yanapita kwa nguvu mahali penye wembamba. Yanakula ukingo."

"Na yule wa langoni anajua?"

Mama akacheka. "Atajuaje? Yeye anaona maji ni kiasi kilekile."

"Breka ndiyo yule mtu wa langoni. Inapima umeme unaoingia. Haioni plagi iliyolegea. Kiungio kibovu hakivuti umeme zaidi. Kinaupunguza kidogo hata. Ndiyo sababu breka hutulia kimya huku plagi inayeyuka."

Ndugu msomaji, rudia maneno hayo ya Fundi mara mbili. Watu wengi wenye umeme hawayajui. Husema, "Breka yangu ni nzima, mimi ni salama." Breka na fyuzi ni vitu vya lazima kabisa. Vinaulinda waya usibebe mzigo kupita nguvu zake, na vinakata umeme waya zikigusana. Lakini joto la kiungio kilicholegea linaweza kupita machoni pao. Macho yatakayoliona ni yako, na pua yako, na mkono wako.

Tufanye hesabu

Sasa kusoma kwako kuna kazi. Geuza birika, pasi au jiko la umeme. Utakuta kibao kidogo chenye maandishi. Herufi W ni wati, yaani nguvu ya chombo. Herufi V ni volti. Umeme wa nyumbani katika Tanzania ni wa volti 230. Ukigawa wati kwa 230 utapata ampea, yaani wingi wa umeme unaopita katika waya. Ampea huandikwa kwa herufi A.

Mama wa Kibanda alikuwa mwanakisomo kama wewe. Alichukua kalamu. Kibao cha birika kiliandikwa 2000 W. Akaongeza zile wati 300 za zamani. Jumla ni wati 2,300. Gawa kwa 230. Jibu ni ampea 10.

Kisha Fundi akamwonyesha maandishi madogo ubavuni mwa ekstensheni. Mama akayasoma mwenyewe, herufi moja moja: MAX 6 A. Maana yake, isizidi ampea 6.

"Maandishi haya yalikuwapo siku zote?" akauliza.

"Siku zote, mama."

Alinyamaza kidogo. Alikuwa ameifuta vumbi ekstensheni ile kila jioni kwa mwaka mzima.

Kuna jambo jingine katika hesabu hii. Umeme katika waya ukizidi mara mbili, joto katika kiungio halizidi mara mbili. Huzidi mara nne. Ukizidi mara tatu, joto huzidi mara tisa. Mama alitoka wati 300 akafika wati 2,300, zaidi ya mara saba. Joto katika plagi yake liliongezeka karibu mara 60. Plagi ileile, skrubu ileile iliyolegea, iliyovumilia taa na redio kwa mwaka mzima, haikuweza kuvumilia birika kwa wiki mbili.

Kiungio kibovu kinachopitisha ampea 10 kinaweza kutoa joto la wati 50 katika nafasi ndogo kama punje ya mahindi. Kifaa ambacho fundi redio hukitumia kuyeyushia risasi kina wati 40 hivi, au pungufu. Basi fikiria kifaa hicho kimewashwa ndani ya plagi, nyuma ya magunia, na hakuna anayekiangalia.

Fundi alikuta nini ndani ya plagi

Fundi aliichomoa plagi kwanza, ndipo akaifungua kwa bisibisi. Alimwonyesha mama mambo matatu.

La kwanza, skrubu ya kubana waya ilikuwa imelegea. Waya wa ekstensheni una nyuzi nyingi nyembamba za shaba. Nusu ya nyuzi zilikuwa nje ya tundu lake, nyingine zimekatika. Umeme wote ulipita katika nyuzi chache zilizobaki. Hayo ndiyo matope ya mfereji.

La pili, kila siku mama alipovuta plagi alivuta kwa waya, hakushika plagi yenyewe. Kila mvuto uliilegeza skrubu zaidi. Na mara nyingi alichomoa birika likiwa bado linachemka. Ukichomoa chombo kinachofanya kazi, cheche huruka ndani ya soketi. Cheche huchoma miguu ya plagi na kuacha vidoa vyeusi. Kidoa cheusi huzuia umeme, kizuizi huleta joto, na joto huleta weusi mwingine. Ugonjwa huu hujilisha wenyewe.

La tatu, waya uliobaki ulikuwa umezungushwa kama kamba ya kisima na kusukumwa chini ya meza. Waya ukizungushwa hivyo joto lake halina pa kutokea. Ekstensheni ya kuzungusha kwenye gurudumu inayobeba ampea 13 ikiwa imekunjuliwa yote, ikiachwa imezungushwa inaweza kubeba chini ya nusu ya hizo. Kunjua waya wote, hata kama unahitaji mita tatu tu.

Mama akasema, "Basi niwekee plagi mpya, yaishe."

Fundi akatikisa kichwa. "Nikiweka plagi mpya tu, mwezi ujao utaniita tena. Soketi ya mzee nayo imeungua. Ndani ya soketi mna vipande vya shaba vinavyobana miguu ya plagi kama koleo. Vikipata moto hulegea, havibani tena. Soketi iliyoungua huiunguza plagi mpya, na plagi iliyoungua huiharibu soketi mpya. Vibadilishwe vyote viwili."

Mzee wa Duka hakupenda kusikia hivyo, maana soketi ni mali yake. Wakabishana kidogo. Mwishowe waligawana gharama. Nadhani mzee alifanya vyema: ukuta ambao ungeungua ulikuwa wake.

Fundi alikata waya ulioungua mpaka akafika penye shaba inayong'aa. Shaba nyeusi haifai kubanwa tena. Kwa birika alishauri waya mwingine, mnene zaidi. Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75 ni wa ampea 6. Wa milimita 1.5 hubeba ampea 15 hivi. Mara nyingi utaona umeandikwa kwenye ganda la waya: 3 x 1.5. Maana yake mna waya tatu ndani, kila mmoja wa milimita za mraba 1.5. Usikubali waya wa mbili kwa kibanda cha bati. Waya wa tatu, wa kijani na njano, ndio unaokwenda ardhini. Bila huo, umeme ukigusa bati, kibanda kizima kitampiga mtu.

Hata ng'ambo

Jambo hili si la Dakawa peke yake. Huko Marekani kuna watu wenye nyumba ndogo za magurudumu zinazovutwa na gari. Husafiri nazo, na wakifika mahali pa kulala huchomeka waya mnene kwenye nguzo ya umeme, kama Mama wa Kibanda alivyochomeka dukani. Plagi ya nyumba nyingi za aina hiyo ni ya ampea 30. Na umeme wao wa kawaida ni wa volti 120, karibu nusu ya wetu. Kwa hiyo birika la wati zilezile huvuta ampea karibu mara mbili, na viungio vyao hupata taabu zaidi. Soketi ya nguzo hutumiwa na wageni wengi, kila siku mwingine, nayo hulegea. Plagi huyeyuka huko kama hapa. Wazoefu hukagua soketi kabla ya kuchomeka, huzima vyombo kabla ya kuchomoa, na baada ya muda hurudi kuishika plagi waone kama ina joto.

Kuipima plagi kwa mkono

Nasi tufanye hivyo. Chombo kikubwa kikishafanya kazi kwa nusu saa, kizime. Zima na swichi ya soketi. Kisha gusa plastiki ya plagi kwa nyuma ya vidole. Ikiwa ni baridi, au ina vuguvugu kidogo tu, ni sawa. Kama huwezi kuishika mpaka uhesabu kumi, usiitumie tena mpaka itengenezwe. Ukiona moshi, au plastiki imeyeyuka, usiguse kabisa. Nenda kwenye swichi kuu uzime, kisha mwite fundi.

Sikiliza pia. Plagi nzima haina sauti. Ikilia kama mafuta ya kukaangia, ndani mna cheche. Taa ikipepesa kila unapogusa waya, kiungio kimelegea. Plagi ikiingia bila kubana na kuning'inia, soketi imechoka. Na plagi inayoning'inia kwa uzito wa waya hujilegeza yenyewe, kwa hiyo waya ufungwe mahali ili usivute.

Kuna tabia moja ambayo ni lazima niiseme. Plagi yenye miguu miwili ya mviringo husukumwa ndani ya soketi ya matundu matatu kwa msaada wa kalamu au kijiti. Sote tumeona, na wengine tumefanya. Miguu ile ya mviringo haikutengenezwa kwa matundu yale ya mraba. Hugusa kwa ncha tu. Kwa kuchaji simu joto lake ni dogo; kwa pasi ni hatari. Nunua adapta nzuri, au ubadilishe plagi. Na usitie msumari wala karatasi ya sigara mahali pa fyuzi.

Plagi ukiichomoa unaweza kuifungua mwenyewe, ukafunzwa kubana skrubu na kuhakikisha hakuna uzi wa shaba uliobaki nje. Vuta kila waya kidogo, usitoke. Lakini soketi ya ukutani, swichi kuu na mita usizifungue. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, na upande wa mita na nguzo ni kazi ya TANESCO.

Kwenye mashine ya mpunga

Dakawa ina mashamba makubwa ya umwagiliaji, hekta zipatazo 2,000, na maji ya Wami huvutwa kwa pampu za umeme. Ziko pia mashine za kukoboa. Mota za mashine hizi kwa kawaida hutumia waya tatu za umeme, watu husema fezi tatu. Mashine hutetemeka kutwa, na kutetemeka hulegeza skrubu. Vumbi la pumba huingia kila mahali. Kiungio cha fezi moja kikiungua, mota hubaki na mbili. Hapo hunguruma, hushindwa kuanza, au huendelea kwa shida huku ikichemka mpaka iungue. Mwendesha mashine akisikia mngurumo mgeni, azime mara moja. Asijaribu kuianzisha tena na tena kwa sababu foleni ya magunia ni ndefu. Kabla ya msimu wa mavuno, fundi aje azime umeme wote, apulize vumbi na akaze skrubu zote. Kazi hiyo ni ya nusu siku. Kusuka mota upya ni gharama kubwa, na mpunga wa watu hulala nje.

Moto ukiwaka

Usimwagie maji kitu chenye umeme. Zima swichi kuu ikiwa unaweza kuifikia salama. Tumia mchanga mkavu au kizima moto cha unga. Moto ukikuzidi, toka nje, watoe watoto, piga simu ya Zimamoto, 114. Kwa hiyo ndoo ya mchanga mkavu ikae karibu na kibanda au mashine, na isigeuzwe kuwa ndoo ya maganda.

Zoezi

1. Kwa nini breka ya Mzee wa Duka haikuruka?
2. Mama alidhani harufu inatoka wapi? Ilitoka wapi?
3. Kwa nini Fundi alibadilisha plagi na soketi pia?
4. Pasi ina wati 1,150. Huvuta ampea ngapi? Je, ekstensheni ya ampea 6 inaitosha? Ukiongeza jiko la wati 1,150 itakuwaje?
5. Ukifika nyumbani soma maandishi kwenye chombo kimoja cha umeme na kwenye ekstensheni yake. Yaandike katika daftari, uje nayo darasani.